Nilijisugua Jicho kwa Mate, Ng'ombe wa Jirani Akapimwa Macho

Nimekosa, jamani. Naanza hapo kabla ujasiri haujaniisha, kwa sababu mimi nikianza kuzungukazunguka huwa sifiki. Nilimdanganya daktari, nikamdanganya mama yangu, na mwanamke aliyenitendea wema akaogopwa na kijiji kizima. Hata ng'ombe wake aliogopwa! Mtacheka. Chekeni tu, lakini msome hadi mwisho.

Jina msiniulize. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, kwetu ni nje kidogo ya Kitale, na shule yangu ya bweni iko upande wa Kimilili, kaunti ya Bungoma. Nina haya sana. Nikiitwa jina darasani masikio yanashika moto. Mambo yangu huwa naandika kwa shajara, siyo kuyasema, na hii ndiyo mara ya kwanza naandika kitu ili watu wasome.

Yote yalianza na mabega.

Asubuhi moja tulikuwa gwarideni na mimi natetemeka. Baridi ya chini ya Mlima Elgon haina huruma. Mwalimu wa densi akapita, akasimama, akarudi nyuma.

"Wewe! Hayo mabega umeyatoa wapi?"

"Ni baridi, mwalimu."

"Baridi gani? Hicho ni kipaji!"

Hapo hapo akaniteua kuongoza kamabeka, ile ngoma ya Wabukusu ya kutikisa mabega, siku ya wazazi. Mbele ya wazazi wote! Na wavulana wa shule jirani wamealikwa! Mimi, msichana wa Kikuyu, ambaye hata kanisani napiga makofi yasiyotoa sauti!

Sikulala vizuri tangu hapo. Nikaomba Mungu aniletee ugonjwa mdogo, wa heshima, wa kunifikisha nyumbani. Angalieni sana mnachoomba.

Wakati huo macho mekundu yalikuwa yameingia bwenini. Aliyepatikana nayo alipewa ruhusa ya kwenda nyumbani hadi apone. Sasa, mnajua watu wanaamini ati ukimtazama tu mgonjwa machoni, nawe umeshapata. Hata naibu wa mwalimu mkuu, tunayemwita Depu, mwenye digrii zake, aliamini. Alikuja kutukagua amevaa miwani ya jua, akatupa mgongo, akainua kioo kidogo cha kunyolea ndevu juu ya bega, akawa anatuangalia kupitia hicho kioo, mmoja mmoja.

"Sogea. Fungua. Meupe, rudi darasani! Anayefuata. Sogea. Uwi, nyanya hiyo! Nyumbani! Usinipumulie!"

Rafiki yangu wa kitanda cha juu akanivuta kando.

"Si ujitie tu? Unalamba kidole, unachovya kwa chumvi, unasugua. Mara moja unakuwa nyanya."

"Na nikipofuka?"

"Nani amewahi kupofushwa na mate yake mwenyewe? Acha ushamba, bana."

Sasa hapa ndipo ujinga wangu ulipo. Siku hizo nilikuwa na kidonda mdomoni. Vile vijipele vya maji vinavyotoka pembeni ya mdomo, ambavyo watu wa kwetu husema ni malaria inatoka. Vilikuwa vimepasuka na vinawasha. Nikapitisha kidole hapo hapo, kikalowa, nikachovya chumvi, nikasugua jicho la kushoto. La kulia nililihurumia.

Depu hakuhitaji hata kuinua kioo vizuri. "Huyo! Huyo atoke kabisa!"

Nilifika kwetu nikitabasamu na jicho moja linalia.

Mama alinipokea langoni kwa kunipa mgongo. Nikampa mkono, akausalimia bila kugeuka. Shosho, yaani bibi yangu, alikuwa na miwani yake nyeusi aliyopewa alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, kwa hiyo yeye alijiona ako salama. Kaka yangu Kamau ni fundi wa kuchomea vyuma, akaleta ile miwani ya kuchomelea, akavaa moja, nyingine akampa Mama. Tukala chakula hivyo. Ndani ya nyumba! Mama alichovya ugali kwa chai, akatafuna, akasema sukuma wiki ya leo ina tangawizi. Kamau alipapasa nyama mpaka akashika kidole cha Shosho.

"Huyo ni mimi!" Shosho akapiga kelele. "Niachie!"

Mimi nilicheka kimoyomoyo. Nilijua jicho langu ni la uongo, kesho kutwa litakuwa jeupe.

Halikuwa jeupe. Wekundu wa chumvi uliisha, halafu ukaja wekundu mwingine ambao sikuuita. Jicho likawa kama lina mchanga ndani. Machozi yanateremka yenyewe. Mwanga wa mlango ukawa kama sindano, nikawa nakaa nyuma ya kabati. Wenzangu walioumwa macho kweli walipona wakarudi shule. Mimi niliyejifanya, nikabaki.

Hapo ndipo Mama Nafula akaingia.

Mama Nafula ni jirani yetu, Mbukusu wa Chwele, tunapakana ua. Anauza maziwa ya ng'ombe wake mwekundu anayeitwa Malkia, na alikuwa ananyonyesha mtoto wake wa mwisho, kasichana kanakotambaa. Alisimama mlangoni, akatuangalia na miwani zetu, akatusalimia kwa Kibukusu.

"Mulembe. Kwani hapa ni matanga ya nani?"

"Usimwangalie, Mama Nafula!" Mama akasema. "Utachukua!"

"Nichukue nini? Huyu mtoto anaumia na nyinyi mnacheza sinema." Akaja mpaka nyuma ya kabati, akanishika kidevu, akanitazama jichoni moja kwa moja. Hakuna mtu alikuwa amefanya hivyo tangu nitoke shule. "Aa, mwanangu. Hii si mchezo. Kwetu jicho la mtoto tunaweka maziwa ya mama."

Akafungua kifungo. Nilitaka ardhi inimeze. Mshale wa kwanza ulinipata kwa paji la uso. Wa pili ukampata Shosho kwa miwani. Mtoto wake mgongoni akaanza kulia kwa wivu.

"Tulia wewe, tunamgawia dada yako kidogo tu!"

Wa tatu ukaingia jichoni. Akanipulizia kidogo lisiwashe, akafunga kifungo, akaenda kukamua ng'ombe. Huo ndio ubaya wote aliotenda Mama Nafula katika hadithi hii.

Jicho halikupona. Shosho akasema sasa tuache mambo ya kienyeji, tutumie dawa ya hospitali. Akatoa kachupa ka matone kalikobaki tangu upasuaji wake, alikokuwa anakaficha ndani ya kopo la sukari. "Hii nilipewa na daktari wa macho mwenyewe," akasema. "Ilinirudishia dunia."

Tukatia. Na jamani, ilifanya kazi! Wekundu ukapungua. Mama akaimba. Miwani zikavuliwa. Tulikula tukionana kwa mara ya kwanza, na Mama akagundua Kamau amefuga ndevu.

Lakini chini ya ule weupe, jicho lilikuwa linaharibika. Siku moja niliziba jicho la kulia nikamtazama Mama akipepeta maharagwe. Hakuwa na uso. Palikuwa na kitambaa cha kichwa, halafu ukungu, halafu ungo. Nikapiga yowe. Mama akaacha maharagwe hapo hapo.

Kliniki ya macho tuliyoenda iko mjini Kitale. Daktari alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ya chini. Alinitia rangi ya manjano jichoni, akaniwashia mwanga wa buluu, akaangalia, akaangalia tena.

"Huu ugonjwa huchora kidonda chenye umbo la tawi la mti kwenye kioo cha jicho," akasema. "Lakini hiki chako kimeshakuwa kipana kama ramani. Kuna dawa mlitia?"

Shosho akatoa kachupa kwa fahari. Daktari akakasoma, akafumba macho.

"Hii ni ya kutuliza uvimbe baada ya upasuaji, shosho. Kwa ugonjwa huu, inawafungia askari wa mwili ndani ya nyumba, mwizi anabaki na shamba lote. Jicho linakuwa jeupe huku linaliwa. Msiwahi kutia dawa ya jicho la mtu mwingine."

"Mwizi gani huyo?" Mama akauliza.

"Ni herpes."

Haiya! Mama alisimama kiti kikaanguka. "Herpes? Ngai! Mtoto wangu ameokoka!"

"Mama, keti. Si ile unayofikiria. Hii ni ile inayotoa vidonda mdomoni. Watu wengi sana wanayo tangu utotoni na haina aibu yoyote." Halafu akanigeukia mimi, taratibu. "Ulikuwa na kidonda mdomoni? Labda ulikigusa, ukashika jicho?"

Wasomaji, ukweli wote uliwekwa mbele yangu kwa sahani! Nilihitaji kusema neno moja tu. Lakini nikaona vile Mama atauliza kwa nini nilikigusa, na chumvi itatoka, na Depu, na mabega. Nikaangalia viatu vyangu.

"Hapana."

"Kuna mtu mwenye kidonda aliyekukaribia usoni?"

Mama alikuwa ameshanifikia. "Ni mvulana gani? Sema! Umebusiwa na nani?"

Nikaogopa. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mama Nafula," nikasema. "Alikuwa na kidonda mdomoni. Si alinipulizia?"

Daktari akasema hata kama ni hivyo, mtu asilaumiwe, kirusi hiki kimejaa kila mahali. Akasema maziwa ya mama si dawa ya jicho, tusirudie. Akanipa mafuta ya kupaka ndani ya jicho na vidonge vya kumeza, akasisitiza nisiache katikati na nirudi nikaguliwe. Mama alisikia maneno mawili tu katika hayo yote, maziwa na Mama Nafula.

Mama yangu si msengenyaji. Yeye huomba. Kwa hiyo katika kikundi cha maombi cha akina mama alisimama akasema, "Tumuombee jirani yetu mmoja ambaye sitamtaja. Anauza maziwa. Ana ng'ombe mwekundu. Lango lake ni la buluu, linalofuata langu ukipinda."

Amina ilisikika mpaka barabarani.

Basi ikaanza. Mama Nafula akienda kwa maombi, anakuta kiti chake kimewekwa nje ya mlango, ati ndani kuna joto. Akisalimia, anajibiwa na migongo. Halafu wakaanza kuhusu Malkia. Kama mwenyewe ana herpes, ng'ombe anayeshikwa naye kila siku je? Waliokuwa bado wananunua maziwa walikuja wakirudi kinyumenyume, chupa imenyooshwa nyuma, ili wasimtazame ng'ombe machoni!

Mwishowe kikundi kikaita afisa wa mifugo. Niliona yote kupitia ua, kwa jicho langu moja. Afisa alimmulika Malkia tochi jicho la kushoto, la kulia, akainua kope. Malkia akamlamba uso mzima, kutoka kidevuni hadi kwa kofia.

"Amelambwa!" akina mama wakapiga kelele, wakatawanyika kama kuku.

"Huyu ng'ombe ana macho mazuri kuliko yenu nyote," afisa akasema akijipangusa. "Mmenitoa mjini kwa nini?"

Mimi nilicheka! Naungama hilo pia. Nilicheka nyuma ya ua na mafuta jichoni, nikajiambia haya mambo ni ya kichekesho tu, yataisha yenyewe.

Kitu kimoja tu hakikuwa kichekesho. Mtoto wa Mama Nafula alikuwa analia. Si kilio cha kawaida. Alikuwa anaanza asubuhi, ananyamaza kidogo, anaanza tena, na sauti yake ilikuwa imeshakwaruza. Nilifikiri ni meno.

Halafu Mama Nafula akaja langoni kwetu, mchana, mtoto mgongoni. Mama alimwona, akageuka akamwonyesha mgongo. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango.

"Mama Kamau, angalia mdomo wangu. Kidonda kiko wapi?"

"Vidonda hupona," Mama akaambia ukuta.

"Sawa. Sikuja kugombana. Wewe ndiye ulimsikia daktari, basi niambie kitu kimoja tu, kama mzazi. Nimuachishe kabisa, ama?"

"Umuachishe nani?"

"Mtoto. Sijamnyonyesha tangu nisikie maziwa yangu yaliharibu jicho la msichana wako. Nampa ya Malkia kwa kikombe, anatapika. Yananijaa mpaka yananiuma, nakamua namwaga. Naogopa nitampofusha."

Na mtoto, huko mgongoni, alikuwa amepenyeza mkono chini ya kwapa la mamake, anapapasa upande wa titi, na Mama Nafula anautoa ule mkono, polepole, anaurudisha nyuma. Unarudi. Anautoa.

Nilitoka. Sikupanga cha kusema.

"Ni mimi."

Wakanitazama wote.

"Mama Nafula hakuwa na kidonda. Mimi ndio nilikuwa nacho. Nilijisugua mate jichoni nikiwa shule, na chumvi, ili nirudishwe nyumbani. Nilimwambia daktari uongo."

Mama akageuka kabisa sasa. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ya mabega."

Hakuna aliyeelewa. Hata mimi niliposikia nikisema, sikuelewa.

Nilingoja kofi. Nilitamani kofi. Lakini Mama Nafula hakuwa na wakati wangu. Aliketi chini pale pale langoni, kwa vumbi, akafungua leso, akamshusha mtoto, akampa titi. Mtoto akalishika, akavuta, akaliachia. Akamrudishia. Mtoto akageuza uso. Mamake akabadilisha upande. Mtoto akajikunja kama upinde akalia, kana kwamba anapewa kitu cha mtu asiyemjua.

"Shika, mama. Shika basi. Ni mimi," Mama Nafula akawa anamwambia. "Shika."

Tulisimama hapo, mimi na Mama, tukitazama. Mwishowe Mama Nafula akafunga kifungo.

"Mwanangu," akaniambia bila kukasirika, na afadhali angekasirika, "ungesema mapema kidogo tu."

Siku ya maombi Mama alinipeleka. Safari hii alitaja majina yote, kuanzia na lake. Halafu nikasimama nikasema langu, sauti ikatoka kama ya kifaranga, wakaniambia rudia hatusikii, nikarudia. Nilisema mate. Nilisema chumvi. Mama mmoja mzee akauliza, "Sasa ng'ombe je?" Nikasema ng'ombe hana hatia.

Wakaenda wote kuomba msamaha kwa lango la buluu. Maziwa yananunuliwa tena, tena kushinda zamani, kwa sababu sasa Malkia ndiye ng'ombe pekee huku aliyepimwa macho na serikali. Mama Nafula hujibu salamu yangu. Maziwa yetu humpa Kamau, siyo mimi.

Tuliporudi kliniki, nilimwambia daktari ukweli. Hakunigombeza. Mama akamuuliza kuhusu kunyonyesha. Akasema hata mama mwenye kidonda mdomoni anaweza kunyonyesha, mradi asiwe na kidonda kwenye titi, anawe mikono, na asimbusu mtoto mpaka kipone. Mama alilia njia nzima. Kumbe hakukuwa na sababu hata moja ya kumuachisha mtoto!

Mtoto hakurudi kwa titi. Walijaribu mpaka maziwa yakakauka. Siku hizi anakunywa kwa kikombe na ameanza kunenepa, lakini nikimwona namkumbuka vile alikuwa anapapasa.

Jicho langu limepona kwa kupona kwake. Kovu limebaki. Nikiziba la kulia, dunia inakuwa kama nimeitazama kupitia kioo cha jikoni maharagwe yakichemka. Daktari anasema kirusi hakiondoki, kimelala tu, na homa au jua kali au mawazo mengi yanaweza kukiamsha. Jicho likiwa jekundu tena nikimbie hospitali, nisingoje, nisitie chochote.

Na juzi kidonda kimetoka tena mdomoni. Nimenawa mikono mpaka Kamau akauliza kama naenda kupasua mtu. Usiku nalala na soksi mikononi.

Kwa hivyo wewe mwenye kidonda cha homa mdomoni, hiyo mikono yako iogope. Usiguse jicho. Dawa ya jicho la shosho ni ya jicho la shosho. Jicho likiuma na mwanga ukikuchoma, nenda ukaonwe, na ukiulizwa na daktari, sema, hata kama mzazi amekaa hapo. Kama huwezi mbele yake, omba atoke.

Na kama umeshasema uongo, na kuna mtu anaubeba sasa hivi unaposoma haya, usingoje upate maneno mazuri. Mimi niliyangoja nyuma ya ua. Toka nje uyaseme vibaya tu, leo. Maziwa ya mama hayangoji.